Kombe na Kikombe

Mwezi wa juu una ratiba:
ofisi ya ushirika huibandika mlangoni,
saa ya maji kupwa, saa ya maji kujaa,
bamvua tarehe kumi na nne.
Mwezi wangu mimi hauna adabu.
Huja papo hapo kwenye bamvua,
nimo ndani ya suruali ya mpira ifikayo kifuani,
nimeinama na reki katika tope la hori ya Arousa,
choo cha karibu ni nusu saa ya kuzama na kujinasua,
na kombe hazimsubiri mtu.

Miaka ishirini na sita nilitembea hivyo,
pedi imevimba mapajani
kama mkate uliosahauliwa kwenye maziwa.
Jioni navua mpira, navua na ngozi.
Tulikuwa na ishara, mimi na Dosinda:
kidole kimoja ukingoni mwa ndoo, nimo.
Viwili, nimo, tena vibaya.
Hapo hunifuata nyuma tukipanda ngazi za gati,
mgongo wake mpana ukiwa pazia langu.

Siku moja reki ikavuta,
katikati ya kombe na mwani,
pedi.
Bawa lake bado lina gundi.
Ya nani? Sikuuliza.
Niliitia mfukoni haraka
kama mtu aliyeokota barua yake mwenyewe.

Iria, binti yangu, ndiye aliyenituma.
Duka la dawa, yuro ishirini na tano.
Muuzaji, kijana wa ndevu chache,
akaiuliza mashine ya risiti: Umezaa? Umepita thelathini?
Akanitolea namba mbili.
Mimi niliyebeba pete ya kupimia maisha yangu yote,
ninayerudisha majini kila kombe changa,
siku hiyo nilipimwa mimi,
nikaonekana nimekomaa.

Usiku wa kwanza si wa kusimulia. Nasimulia.
Kikunje kama herufi C, karatasi ilisema.
Nikakikunja. Kikafyatuka, kikagonga kioo,
kikatua juu ya mswaki wa Amaro.
(Amaro, ukisoma hapa: niliuchemsha.)
Mara ya tatu kikaingia,
asubuhi kikakataa kutoka.
Nimechuchumaa juu ya vigae, simu begani:
Iria, kimepotea, kimepanda kifuani!
“Mama, huko hakuna njia. Pumua.
Sukuma kama ulivyonisukuma mimi.”
Nilicheka,
na kicheko ndicho kilichokitoa.

Bamvua iliyofuata, saa nne majini.
Dosinda akainua macho,
akatafuta kidole changu ukingoni mwa ndoo.
Vyote kumi vilikuwa topeni, vinaokota.
Nilikuwa nimesahau.
Nakwambia, nilikuwa nimesahau kabisa.

Jioni nikakiinua kwenye taa.
Kina mistari ubavuni, kama chupa ya mtoto mchanga.
Mililita kumi na nane.
Nikasoma tena, nikavaa miwani, nikasoma tena.
Mimi niliyedhani kila mwezi napoteza ndoo!

Nikamwonyesha mama, ana miaka themanini na moja.
Alikuwa akifua matambara yake gizani
na kuyaanika chini ya shuka
ili hata jua lisijue.
Akakishika, akakigeuza, akaweka kidole kwenye mstari.
Akanyamaza mpaka nikadhani amekasirika.
“Kumbe ni hiki tu,” akasema.
“Kwa hiki tu walinifukuza jikoni
siku ya kuchinja nguruwe,
eti nitaiozesha nyama.”
Akakirudisha mkononi mwangu kwa mikono miwili.

Sasa kinachemka kwenye sufuria ndogo.
Amaro ameingia na viatu vyake vya tope,
ananusa, anafunua kifuniko:
“Leo tunakula nini?”
Funika, namwambia.
Bado dakika tatu.